Mjumbe Asiyechangia

Mtuhumiwa alikuwa amefungiwa ndani ya kibanda cha mlinzi kwa kufuli la baiskeli. Inspekta Bupe alilishika lile kufuli, akalitikisa, kisha akamgeukia Mkurugenzi.

"Kampuni ina milango ya kadi kila kona, mtu mnamfungia kwa hili?"

"Milango ya kadi imegoma, Afande," alisema Mkurugenzi Gaudence, akijifuta vumbi kwenye suti. "Kufuli hili ndilo pekee lililobaki linalotii."

Jibu hilo lilimuudhi Bupe. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Rungwe, mpelelezi wa makosa ya mtandao, na tangu ahamishiwe Dodoma alikuwa amewakamata matapeli wa kila aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Kesi ya mizani iliyokataa kupima zabibu hakuwahi kupewa.

Maana ndivyo ilivyoanza. Asubuhi hiyo, kampuni ya Nyanda Kati iliyopo Kizota ilifungua geti kupokea zabibu za wakulima, na mizani ikakataa kuongea na kompyuta ya stoo. Kompyuta ya stoo nayo ikakataa kuongea na milango ya vyumba vya baridi. Milango ikakataa kuongea na mtu yeyote. Hakuna kilichovunjika, umeme upo, taa zinawaka, mashine zimenuniana tu kama wake wenza. Na nje, juani, wakulima walikuwa wameketi juu ya kreti zao, upepo wa Agosti ukiwamwagia vumbi la Dodoma machoni. Zabibu iliyokwisha kukatwa haisubiri uchunguzi ukamilike.

Mkurugenzi Gaudence, badala ya kutafuta dawa, alitafuta mchawi. Alichukua kipaza sauti cha getini akawatangazia wakulima wote kwamba mifumo imehujumiwa na fundi wa mifumo, Seth Chilongani, na kwamba polisi wako njiani. Alitangaza mara mbili ili ieleweke. Hakujua, au hakujali, kwamba mama mzazi wa Seth alikuwa pale pale kwenye foleni na zabibu zake kutoka Mpunguzi.

"Afande, yule mama hajanyanyuka tangu lile tangazo," alisema Koplo Masudi, akija na chupa ya maji mkononi. "Nimempa maji, kakataa. Anasema hanywi maji ya uani kwa watu wanaomwita mwanawe mwizi."

"Umemwambia sisi ni polisi, si watu wa kampuni?"

"Nimemwambia. Ndipo alipokataa zaidi."

Masudi alikuwa amebakiza muda kidogo astaafu, ana tumbo la kutosha na mtoto mkubwa kuliko Bupe. Kila asubuhi Bupe humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba halafu humpigia saluti, hivyo heshima yao hailali na deni. Bupe alimtazama yule mama kwa mbali. Alikuwa amenyoosha mgongo, mikono magotini, macho yake kwenye kibanda cha mlinzi. Ushahidi usipopatikana wa kumsafisha kijana, leo angelala rumande, na hata mahakama ikimwachia, huko Mpunguzi angebaki kuwa yule aliyeozesha zabibu za kijiji. Bupe aliona huruma, na huruma kazini kwake ilimfanya awe mkali.

"Fungua hicho kibanda," alisema.

Mahojiano yalifanyika ofisini kwa Mkurugenzi. Anitha, katibu muhtasi, aliketi pembeni kuandika maelezo. Seth alikuwa kijana mwembamba, mpangaji wa chumba kimoja Chang'ombe, shati limemlowa jasho la kibandani.

"Umezima mashine?" Bupe aliuliza.

"Hapana, Afande. Zimezimana zenyewe."

"Fafanua kama unamfafanulia Koplo Masudi."

Masudi hakuona tusi lolote. Alivuta kiti karibu.

"Kila mashine hapa ina cheti chake cha usalama," alisema Seth. "Chukulia ni kitambulisho. Mizani ikitaka kuongea na kompyuta ya stoo, inaonyesha cheti kwanza. Kikiwa hai, wanaongea. Kikiisha muda, haisikilizwi, hata kama wamefanya kazi pamoja miaka."

"Kama askari wa geti la wizara," alisema Masudi. "Anakujua mpaka jina la mtoto wako, lakini kitambulisho kikiisha huingii."

"Hapo hapo, mzee wangu. Na leo alfajiri vyeti vyote vimeisha. Nimewaambia tangu asubuhi: niachieni nivihuishe."

"Nimkabidhi mwizi funguo?" alidakia Mkurugenzi. "Nimempigia mhadhiri mmoja wa chuo kikuu kule Chimwaga nipate ushauri wa kitaalamu."

"Akasemaje?"

Mkurugenzi alikohoa. "Akasema vyeti vimeisha, wavihuishe."

Masudi aliandika jambo hilo kwenye kiganja chake kwa kalamu. Bupe alimgeukia tena Seth. "Nani kazi yake kuvihuisha?"

"Zamani mimi, kwa mkono, mashine moja moja. Nikisahau moja, siku imeharibika. Mwaka huu nikatengeneza programu ya kuvihuisha yenyewe kila vinapokaribia kuisha. Nimeipa jina la Karani. Haili, haiumwi, haiendi msibani."

"Sasa huyo Karani asiyeumwa alikuwa wapi leo?"

"Ndicho ninachojiuliza, Afande. Karani hahuishi bila kupewa idhini. Bosi alikataa mashine ijisainie yenyewe."

"Na nitakataa tena!" alisema Mkurugenzi. "Utaratibu ni utaratibu. Lazima awepo mtu wa kumkamata shati kitu kikiharibika. Kwa hiyo nikaagiza: mashine iombe, Seth ajibu, na yote yafanyike hadharani, watu waone. Pasiwe na mlango wa uani."

"Na safari hii aliomba?"

"Sikuona ombi," alisema Seth.

"Anadanganya, na nina ushahidi wa aina mbili," alisema Mkurugenzi, akisimama kabisa. "Kwanza, kwenye kikao alitamka mbele ya wakuu wa idara: siku mashine zikigoma mtanikumbuka. Pili, leo alfajiri mlinzi Yoramu kamwona anatoka chumba cha mashine kabeba kitu kikubwa kimefunikwa kwa kitambaa. Ananyata."

Bupe alimtazama Seth. "Ulibeba nini?"

Seth alifungua mdomo, akatupa jicho upande wa meza ya Anitha, akaufunga mdomo tena.

"Siwezi kusema, Afande."

"Nje kuna karandinga."

"Najua. Bado siwezi. Ni siri ya watu."

Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha. Mtu asiye na hatia, alisema, hana siri. Bupe alijua watu wengi wasio na hatia wenye siri za kujaza lori. Alimwambia Masudi amfuate chumba cha mashine.

Mlango wa chumba hicho ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa kreti ya soda. Ndani kulikuwa na baridi nzuri, kabati moja refu la mashine zinazokonyezakonyeza taa, na nyuma ya kabati, kreti nyingine za soda zilizopangwa hadi kiunoni. Bupe alipitisha kidole juu ya kabati. Palikuwa na vumbi kila mahali, isipokuwa mraba mmoja mkubwa uliokuwa safi.

"Hapa palikaa boksi," alisema.

Masudi alikuwa amepiga magoti sakafuni, akihema. "Afande," alinong'ona. "Usinyanyue sauti. Kuna unga."

Kweli, chini ya kabati kulikuwa na chembechembe nyeupe, laini. Masudi alivaa glovu moja, kwa kuwa ya pili aliipoteza kwenye kesi ya Kongwa. Alichota kidogo, akanusa, na kabla Bupe hajamzuia, akaramba.

"Koplo!"

Masudi alifumba macho akisikilizia ulimi. Alipoyafumbua, sura yake ilikuwa imebadilika.

"Sukari," alisema. "Ile laini, ya kupambia. Na vanila kwa mbali. Hii kazi ya mtu anayejua, Afande, haikwaruzi."

Bupe alitazama zile soda, akatazama ule mraba. Kisha alifungua mlango akamwita Anitha aliyekuwa anapita kwenye korido.

"Mdogo wangu, unaolewa lini?"

Anitha alishtuka akaficha uso. "Jumamosi, Afande. Na Jordan wa mauzo. Nani kakuambia?"

"Sukari," alisema Bupe, akamwacha pale na mshangao wake.

Waliporudi kwa Seth, Bupe alimwomba Anitha akawatafutie chai. Mlango ulipofungwa, alisema, "Sasa bibi harusi hayupo. Keki umeipeleka wapi?"

Seth alishusha pumzi yote aliyokuwa ameifungia tangu alfajiri. "Ofisi ya mhasibu, Afande. Waliiweka juu ya kabati langu, imeziba pale mashine zinapotolea joto. Ni sapraizi ya Anitha. Kamati nzima imeahidiana. Ningeitaja mbele yake, ningeharibu."

"Kwa hiyo ungelala rumande kwa ajili ya keki?"

"Nilidhani mtagundua mapema."

Mkurugenzi alikuwa ameanza kuketi polepole. Bupe hakumtazama. Alitembea hadi dirishani, akarudi.

"Harusi imeingia chumba cha mashine," alisema. "Imekalia kabati. Imeshika mlango. Nataka kujua imeingia wapi pengine. Seth, Karani alikuwa anakuomba idhini kwa njia gani?"

"Kwenye grupu la WhatsApp, Afande. Ana laini yake kama mtu. Grupu linaitwa Mifumo, lina wakuu wote wa idara na bohari, ndilo bosi alilotaka, waone."

"Koplo, simu yake."

Masudi aliitoa kwenye mfuko wa vielelezo, Seth akaifungua, wakaanza kutafuta. Mifumo haikuwepo. Walipekua juu hadi chini, chini hadi juu. Kidole cha Seth kikasimama mahali, na uso wake ukafanya haya.

"Nini?"

"Nadhani ni hili. Picha ni ile ile ya zamani, ya nyaya."

Chini ya ile picha ya nyaya paliandikwa KAMATI YA HARUSI JORDAN NA ANITHA, na mbele yake makopa mawili na pete.

"Lilibadilika jina lini?"

"Sijui, Afande. Walipoanza kutaja majina ya ambao hawajachangia, nililizima sauti. Mimi sikuwa nimechangia. Hilo ni kosa langu, nalikubali."

"Hilo ni kosa la nchi nzima," alisema Bupe. "Mlete mhasibu."

Evodia, mhasibu, aliingia na miwani kifuani na simu mbili mkononi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alisalimia kila mtu, akaulizia familia ya Masudi, akaketi.

"Wewe ndiye mweka hazina wa kamati?"

"Kwa neema ya Mungu."

"Kwa nini hukuanzisha grupu jipya?"

Evodia alimtazama Bupe kwa masikitiko. "Afande, wewe si mgeni nchi hii. Ukiunda grupu jipya la mchango, watu wanatoka kabla hujamaliza kuandika Bwana asifiwe. Kila dakika, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Aibu. Lakini grupu la kazi nani athubutu kutoka? Nikalibadilisha jina. Waliolala wakaamkia kwenye kamati."

Masudi alitikisa kichwa kwa heshima. Hata Bupe alikiri moyoni kwamba hiyo ilikuwa mbinu ya kijeshi.

"Humo kuna mjumbe anaitwa Karani?"

"Yule wa Gulwe?" Evodia alivaa miwani. "Alikuwepo. Nilimtoa wiki iliyopita."

Seth alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wa Gulwe?"

"Si karani wa bohari yetu ya Gulwe? Sisi wote tunajua ni wa Gulwe."

Masudi hakusubiri kutumwa. Aliipiga simu ya bohari, akaweka sauti kubwa. Sauti ya mzee ilijibu kwamba hapana, Gulwe hawana mtu huyo, wao wanajua Karani ni mkubwa wa makao makuu Dodoma, ndiyo maana huwa wanamjibu kwa adabu.

"Mlimjibu nini?" Bupe aliuliza kwa sauti.

"Akiandika tunasema Amina."

Bupe alinyoosha mkono. Evodia alimpa simu. Aliteremka nyuma, akapita kadi za mwaliko, vitambaa vya sare, mabishano marefu kuhusu ukumbi, hadi alipomkuta. Karani alikuwa ameandika alfajiri moja baada ya nyingine, maneno yale yale: Vyeti vinakaribia kuisha muda. Naomba idhini ya kuvihuisha. Jibu NDIYO. Chini yake, kila siku, wajumbe walikuwa wamemjibu. Amina. Amina mtumishi. Mungu afungue njia. Mmoja alimwekea mikono ya kuomba, mwingine akamwandikia pole kwa kuuguza.

"Mama Evodia," alisema Bupe taratibu, "hamkujiuliza vyeti gani?"

"Kila mtu ana shida zake, Afande. Ukimuuliza mtu shida yake kwenye grupu, atakuomba umsaidie." Evodia alianza kujitetea kwa nguvu. "Lakini huyu alizidi! Kila asubuhi anaomba, shilingi hatoi. Nikimwandikia pembeni, Karani ndugu yangu, unaahidi nini? Hajibu! Kesho tena: naomba idhini. Sijapata kuona mtu mkavu wa macho vile."

"Si mtu, dada," alisema Seth kwa sauti ya kilio. "Ni programu."

"Sasa mimi ningejuaje? Hata wewe hukuchangia, ila uliahidi mwisho wa mwezi, ndiyo maana uko mpaka leo."

"Ulimtoa kwa uamuzi wako?" Bupe aliuliza.

"Mimi? Mimi mweka hazina tu. Natekeleza maagizo ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa kamati ni nani?"

Evodia alimtazama Mkurugenzi Gaudence. Masudi alimtazama Mkurugenzi Gaudence. Mkurugenzi Gaudence alitazama dari, ambayo haikuwa na kitu.

"Afande," alisema, "nashauri tuliandike hili kama hitilafu ya kiufundi."

Bupe alibonyeza ujumbe wa sauti wa siku ile Karani alipotolewa. Sauti ya Mkurugenzi ilijaa ofisi, nzito, yenye mamlaka, ileile ya kipaza sauti cha getini: "Wajumbe, habari za jioni. Mimi mwenyekiti wenu. Evodia, nimepitia orodha. Wale wasiochangia na hawana ahadi, watolewe, wasitujazie nafasi. Kuna huyu Karani, kazi yake kelele. Anza na yeye."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Masudi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Seth," alisema Bupe, "kesi hii imekwisha. Ukitaka kufungua ya kwako, kituo unakijua. Sasa fanya zabibu zipokelewe."

"Karani arudishwe kwenye grupu, Afande. Anasikiliza pale tu. Bosi hakutaka mlango wa uani."

Wote walimgeukia Evodia, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kumrudisha mtu. Evodia alivua miwani.

"Kanuni ya kamati ipo," alisema. "Aliyetolewa kwa kutochangia harudi mpaka achangie. Nimewakatalia watu wakubwa, hata mchungaji. Nikimrudisha huyu bure, nitawaambia nini?"

"Evodia!" Mkurugenzi alifoka. "Zabibu zinaoza!"

"Mwenyekiti, kanuni uliipitisha wewe."

Halafu Mkurugenzi Gaudence, mtu wa suti, aliyetaka kila jambo lifuate utaratibu, alitoa simu yake mfukoni ili amlipie mchango programu ya kompyuta.

"Singo au dabo?" Evodia aliuliza.

"Nini?"

"Kadi yake. Atakuja peke yake au na mwenza?"

"Singo!" alinguruma Mkurugenzi.

Pesa iliingia, Evodia akashukuru, Karani akarudishwa. Hakukawia. Simu zote za ofisini zililia kwa pamoja: Vyeti vimeisha muda. Naomba idhini ya kuvihuisha. Jibu NDIYO. Kabla mtu hajapumua, Gulwe walikuwa wamekwisha kuandika Amina.

Bupe alimrudishia Seth simu yake. Seth aliishika, akaiangalia, kisha akaiweka chini mezani.

"Andika basi," alisema Mkurugenzi.

"Bosi, mama yangu yuko pale nje."

"Najua, kijana, andika tupokee na zake."

"Ulinitangaza kwa kipaza sauti." Seth hakushusha sauti. "Watu wa kijiji changu chote wapo. Mimi nikiandika sasa hivi, milango itafunguka, wote watasema: mwizi kabanwa na polisi, kaachia. Nitangaze tena. Kama ulivyonitangaza."

Mkurugenzi alimgeukia Bupe. "Afande, mlazimishe."

"Nilikuja kumkamata mhalifu, sijamwona," alisema Bupe. "Sheria ya kumlazimisha mtu aandike ndiyo kwenye grupu la harusi sijawahi kuisoma. Koplo, wewe?"

"Bado haijatungwa, Afande."

Walitoka nje, Seth akiwa na simu yake mkononi. Jua lilikuwa limepanda, na harufu ya zabibu zinazoanza kulainika ilikuwa imetanda uani, tamu ya kukera. Wakulima walisimama walipowaona polisi na Seth asiye na pingu. Mama yake hakusimama. Mlinzi Yoramu alimpa Mkurugenzi kipaza sauti, naye akakishika mbali na mdomo, kama kinamuunguza.

"Ndugu wakulima," alisema haraka haraka, "uchunguzi umebaini kuwa Seth Chilongani hakuhujumu mfumo wowote. Kosa limetokea upande wa uongozi. Asanteni."

Watu walianza kuguna na kugeukiana. Ndipo yule mama aliposimama. Alikung'uta vumbi kwenye kanga yake bila haraka, akampita mwanawe bila kumgusa, akaenda kusimama mbele ya Mkurugenzi. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso.

"Rudia, baba," alisema. "Wa kule nyuma hawajasikia."

Mkurugenzi alitazama kule nyuma. Kulikuwa na watu hadi barabarani. Akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akarudia, safari hii neno kwa neno, na mama akawa anaitikia kwa kichwa kila neno linapopita. Ndipo Seth alipoandika NDIYO.